Nguzo Namba Kumi na Saba

Walikuja na kopo la rangi nyeupe,
wakaanzia mlangoni, mkono wa kulia,
wakazipa nguzo namba kama watahiniwa.
Nguzo aliyoegemea mama
miaka yote akichambua mnavu
ikawa ya kumi na saba.

Fito zilifungwa mafungu, kama kuni za sokoni.
Lori likaondoka Nyakach saa nane ya jua,
likapita Ahero, mpunga umesimama majini,
na nyumba yetu imelala chali kule nyuma,
mbavu nje,
ikiyatazama mawingu
ambayo tangu ijengwe ilikuwa ikiyapa kisogo.

Kisumu wakaiinua upya
kati ya kibanda cha tiketi na choo cha wageni.
Kila nguzo kwenye shimo lake, kila namba mahali pake.
Kosa moja tu: ya kumi na saba waliigeuza.
Pale palipong'arishwa na mgongo wa mama,
laini kama mpini wa jembe,
sasa panatazama ukuta.
Nilisema.
Bwana Ondiwa alifungua daftari,
akaitazama picha,
akafunga daftari.

Mimi ndiye ninayeisiriba siku hizi.
Mkataba wa miezi sita, sare ya kijani,
WILKISTA imeandikwa kifuani.
Najua udongo huu unataka nini:
samadi mbichi, majivu, maji ya kubembeleza,
kiganja kiende kwa upinde, kirudi kwa upinde.
Wanafunzi hunipiga picha.
Mwalimu wao huwaambia, "Hivi ndivyo walivyoishi,"
nami, matope yamenifika viwikoni,
najiuliza kama nigeuke niwasalimie.

Kibao kinasema: Nyumba ya mke wa kwanza.
Miti ya siala, mafunjo, nyasi.
Hakisemi ilivuja upande wa kuku.
Hakisemi kwamba pale kileleni
palikuwa na kijiti chembamba, osuri,
kilichovunjwa asubuhi baba alipokata roho,
ili hata mpita njia ajue
mwenye boma hayupo.
Wao wameweka kipya.
Kirefu. Kimenyooka.

Kwa hiyo hapa Kisumu baba yu hai.

Sikumwambia mtu.
Nikifika asubuhi na ndoo yangu
hukohoa kidogo mlangoni kabla ya kuingia.

Tatizo ni dumuzi.
Paa linamwaga unga mweupe sakafuni,
usiku mmoja, kibaba kizima.
Wamepuliza dawa mara tatu.
Mafiga yapo, wameyapanga vizuri sana,
na juu yake chungu kilichogundishwa kwa simenti,
lakini moto ni marufuku, bima haikubali.
Moshi ndio uliokuwa ukiilinda nyumba hii.
Moshi, na macho yetu mekundu.

Mama alikuja mwezi wa nane.
Kaka alishamjengea ya matofali, bati la buluu,
anasema inapiga kelele mvua ikinyesha,
hasikii hata maombi yake.
Langoni walimtoza kiingilio.
Alifungua fundo la leso, akahesabu sarafu, akalipa,
akadai risiti.

Alisimama uani, akainua uso.
Alikitazama kile kijiti
mpaka nikaona aibu, nikaokota taka ambazo hazikuwepo.
"Nani amemrudisha?" akauliza.
Sikuwa na jibu lililofaa sare yangu.

Akaingia.
Hakutazama chungu. Hakusoma kibao.
Alikwenda moja kwa moja kwenye ya kumi na saba,
akaipapasa mbele, akakunja uso,
akapenyeza mkono wake mwembamba
kati ya nguzo na ukuta nilioukandika mwenyewe,
akatafuta,
akatafuta,
akapata.

Akabaki hivyo, mkono umezama hadi kwapani,
kama mtu anayemkuna ng'ombe
mahali ambapo ulimi wake haufiki.
Bwana Ondiwa akatokea mlangoni kusema
wageni hawaruhusiwi kugusa.
Nilimwonyesha kidole mdomoni.
Akavua kofia, sijui kwa nini,
akangoja nje.